Msituhamishie Ofisi Porini

Ukitaka kuonekana mtu wa maendeleo katika mji wetu wa Singida, sema ofisi zitoke karibu na soko. Sema kuna kelele na vumbi, hakuna pa kuegesha gari, machinga wamepanga mpaka mlangoni, na moshi wa mama lishe unaingia dirishani. Kisha taja eneo: ekari kadhaa nje ya mji, uzio, geti, mlinzi wa getini, na bustani ya nyasi ambazo Julai zitakuwa zimekauka. Utaona vichwa vinatikiswa kukubali. Nimewasikia watumishi wa umma wakisema hivyo, na wenye kampuni binafsi, na hata viongozi wa dini, wote kwa sauti ya mtu anayetaja jambo lililokwisha kuamuliwa zamani: kazi ya maana inataka utulivu, na utulivu uko nje ya mji.

Mimi napinga. Siyo kwamba napenda kelele. Kipaza sauti cha muuza dawa ya kunguni kinachorudia maneno yale yale tangu asubuhi sikipendi, na sijawahi kukutana na anayekipenda. Napinga kwa sababu hoja hii inaita kero kitu ambacho kwa mfanyakazi wa kawaida ni sehemu ya malipo yake. Kahawa ya mlangoni, chakula cha kuchagua, fundi wa karibu, habari na salamu za mjini kati havimo kwenye hati ya mshahara, lakini vina thamani ya fedha kabisa. Ukimpeleka mtu huko kwenye uzio umemkata mshahara bila barua wala saini, na bado unatarajia akushukuru kwa hewa safi.

Tuanze na tumbo, maana ndipo hesabu inapoonekana haraka. Saa saba mchana, kuzunguka Soko Kuu na vichochoro vya Ipembe, mtu mwenye elfu mbili mfukoni ana uamuzi wa kufanya. Huyu ana wali maharage na mchicha. Yule ana ugali wa dona na mlenda. Wa pale kona leo kapata samaki wa Ziwa Singidani, na wameshaanza kuisha. Mchuzi wa kuku wa kienyeji unasubiri mwisho wa mwezi, au mgeni atakayelipa. Uhuru huu wa kuchagua unaonekana mdogo mpaka utakapoukosa. Kwenye ofisi ya pembezoni kuna kantini moja, mzabuni mmoja, sahani ya bei moja, na ukinung'unika kwamba maharage hayajaiva hakuna mama wa pili wa kukimbilia. Ukiamua kurudi mjini kula, nauli ya boda kwenda na kurudi inaweza kulingana na bei ya sahani yenyewe. Zidisha kwa siku za kazi za mwezi mzima, halafu uje uniambie kama huko hewa ni ya bure.

Tena kuna daftari. Mama lishe mzoefu wa mjini kati ana daftari la shule, kurasa 96, limefunikwa kwa nailoni lisilowe na mchuzi. Ndani hamna majina ya vitambulisho. Kuna Mwalimu, kuna Bosi wa Kopi, kuna Dada wa Benki, kuna Shati Jeupe, na mbele ya kila mmoja vijistari, kila kistari sahani moja. Kuanzia katikati ya mwezi nusu ya ofisi za jirani zinaishi ndani ya daftari lile. Hakuna riba, hakuna fomu, hakuna mdhamini, na anayekopa anamwamkia shikamoo anayemkopesha hata akiwa na shahada mbili. Mkopo wa namna hii hukua pale tu watu wanapoonana kila siku kwa miaka. Huwezi kuuandikia zabuni, na ukihamisha ofisi haupandi kwenye lori la kuhamishia meza na makabati. Wanaopanga kuhama wameshahesabu viti vyote. Hili daftari sijui kama kuna aliyewahi kuliweka kwenye hesabu.

Wapinzani wangu hapa hunijibu kwamba chakula ni jambo la mfanyakazi binafsi, na kwamba taasisi inapaswa kumfikiria mwananchi anayehudumiwa. Vizuri, tumfikirie. Mstaafu katoka Mtinko na basi la asubuhi kufuatilia madai yake. Dirishani anaambiwa anahitaji picha mbili za pasipoti, kopi ya kitambulisho, kiapo chenye muhuri wa wakili, na kidogo cha kulipia. Mjini kati mzee huyu anavuka barabara. Picha anapigwa chini ya mwavuli, mbele ya kitambaa cha bluu kilichotundikwa ukutani, na mpigapicha anamwambia, "Mzee wangu, nyanyua kidevu kidogo." Kopi anatoa stesheneri ya pili yake. Wakili yuko ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Fedha anatoa kwa wakala mwenye meza na kiti, kwenye baraza hilo hilo. Kabla ya adhuhuri karudi dirishani, karatasi zake zimekamilika, na bado ana muda wa kunywa chai kabla ya basi la kurudi.

Sasa mweke mzee huyo huyo kwenye jengo zuri lenye uzio, kilomita kadhaa kutoka hapo. Anaambiwa, "Kalete kopi." Anatafuta boda. Anakwenda mjini, anatoa kopi, anarudi, anakuta mhusika kaenda kula. Saa nane anaambiwa picha nazo zinatakiwa ziwe na mandhari ya bluu. Basi la Mtinko linaondoka bila yeye. Sijatunga mkasa wa ajabu hapa. Kila aliyewahi kumsindikiza mzazi ofisini anaujua. Ofisi ya serikali au ya benki haifanyi kazi peke yake. Inafanya kazi pamoja na mpigapicha, mtoa kopi, wakala, wakili, na kijana anayejaza fomu kwa wasiojua kuandika. Ukiichomoa katikati yao umeiacha na nusu ya mikono yake.

Naomba nieleweke vizuri hapa, nisibandikwe maneno. Kuna vitu ambavyo ni lazima vikae pembeni. Stendi kuu ya mabasi na soko la vitunguu vipo Misuna, na malori ya vitunguu yanataka uwanja wa kugeuzia ambao mitaa ya katikati haina. Hospitali ya rufaa iko Mandewa, na hospitali inahitaji eneo kubwa na kimya. Serikali ilipoziagiza mwaka 2019 halmashauri za wilaya zilizojibanza mijini zihamie kwenye maeneo yao ya utawala, ilikuwa sahihi kabisa: mtu wa kijijini afuatwe na ofisi yake. Hayo yote yana sababu za msingi. Ninayempinga ni yule anayehamisha dirisha la huduma, au ofisi ya wafanyakazi ishirini, kwa sababu mkubwa mmoja hapendi kushuka kwenye gari mbele ya fundi viatu.

Na gari ndilo linalojificha nyuma ya hoja hii, tuseme ukweli. Kila mara neno maegesho hutajwa mapema. Ofisini kuna karani, mhudumu, mlinzi, mhasibu msaidizi, dereva wa gari la ofisi, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Wenye magari yao wahesabu, vidole vya mkono mmoja vinakutosha. Wengine wote wanakuja kwa miguu kutoka Majengo, Utemini, Mitunduruni, Minga, au kwa baiskeli, au kwa boda siku ya mvua. Uamuzi wa kuhama unawapunguzia adha wale wachache na kuwabebesha nauli wale wengi, halafu unaitwa kuboresha mazingira ya kazi. Ya mhudumu wa usafi anayeanza kazi saa kumi na mbili asubuhi, kabla barabara za pembezoni hazijawa na usafiri wa kuaminika, hayaulizwi. Wala ya dada wa mapokezi anayetoka giza linaingia, kwenye eneo ambalo nguzo za taa bado ziko kwenye mpango wa mwaka wa fedha ujao.

Kuhusu usalama, wenye uzio wanajidanganya zaidi. Mwaka 1961 mwandishi wa Marekani, Jane Jacobs, aliyekuwa akiishi Mtaa wa Hudson jijini New York, alieleza jinsi majirani zake walivyokuwa wakiacha funguo za nyumba kwa mwenye duka, na jinsi macho ya watu wenye shughuli zao mtaani yalivyoulinda mtaa kuliko askari. Wapangaji wa miji wa wakati wake, waliokuwa wakibomoa mitaa ya namna hiyo, hawakumpenda. Sisi hatukuhitaji kusubiri kitabu kutoka Amerika. Fundi viatu wa nje ya ofisi ya mjini kati anajua nani ni wa ghorofani na nani anazungukazunguka tu. Ufunguo wa stoo unaachwa kwake. Mtoto wa mfanyakazi akitoka shule anakaa kwenye benchi lake mpaka mama ashuke. Mgeni akiuliza ofisi ya fulani ataelekezwa, na fulani ataambiwa kuna mtu alimuulizia, kavaa shati la namna gani, na alionekana mwenye wasiwasi au la. Mlinzi wa geti porini anaangalia geti. Nyuma ya uzio hakuna anayeangalia.

Vumbi nalo linanichekesha. Singida ina upepo, hata wataalamu wa umeme wa upepo wamekuwa wakiutamani miaka mingi. Upepo huo unapopita katikati ya mji unavunjwavunjwa na majengo na miti. Vumbi lenyewe linatoka huko huko kwenye viwanja vitupu mnakotaka kutupeleka, ambako mti wa kwanza wa kivuli utapandwa siku ya uzinduzi na mheshimiwa fulani, upigwe picha, ufe Septemba.

Wenye hoja hii hupenda kutolea mfano Dodoma, jirani zetu. Mji wa Serikali wa Mtumba, uliozinduliwa Aprili 2019, uko kilomita kama 17 kutoka katikati ya jiji. Wizara zina majengo mapya, barabara pana, nafasi ya kutosha. Sawa. Serikali ya nchi nzima inahitaji eneo na ulinzi wake, siwezi kulibishia hilo. Lakini uliza mtumishi wa ngazi ya chini aliyehamia kule siku za mwanzo alikuwa anakula wapi, anashona suruali iliyochanika wapi, anatoka saa ngapi nyumbani ili awahi. Mtumba inaendelea kuwa mji kadiri wauza chakula, maduka na usafiri vinavyoifuata. Maana yake ofisi ilikimbia soko, na soko likalazimika kuifuata. Kwa nini sisi wa manispaa ndogo, ambao sensa ya 2012 ilituhesabu watu 150,379 na ile ya 2022 ikatukuta tumevuka laki mbili, tulipe gharama hiyo mara mbili, ilhali soko tayari tunalo mlangoni?

Kuna faida nyingine ambayo wapenda utulivu hawaihesabu kwa sababu wao huipata kwa simu, nayo ni habari. Kijiografia Singida iko njia panda. Barabara ya Dodoma inaleta watu wa pwani, ya Nzega inakwenda Shinyanga na Mwanza, ya Katesh na Babati inafungua Manyara na Arusha. Yote yanayopita humo yanaishia kwenye benchi la muuza kahawa. Buli liko juu ya makaa, vikombe vidogo vinagonganishwa, kashata imefungwa kwenye karatasi, na ndani ya muda wa kikombe kimoja utajua mvua imenyesha Kiomboi au bado, gunia la alizeti linanunuliwa bei gani Ikungi, nani analeta asali ya Itigi. Mwaka 2023 bei ya alizeti ilipoporomoka, watu wa benchi waliyaona mapema: wakulima waliokuwa wakija mjini kununua mabati wakaanza kuuliza bei tu na kuondoka. Afisa mikopo anayekunywa kahawa hapo anajifunza mambo ambayo mteja hawezi kuyaandika kwenye fomu. Mwenzake wa ndani ya uzio ataletewa taarifa ya robo mwaka, ikiwa imechelewa robo mwaka.

Hapo ndipo nitaambiwa natetea uvivu, kwamba kahawa, soga na kuzunguka madukani ni kuiba muda wa mwajiri. Hili ni shtaka la zamani, na lina historia mbaya katika nchi hii. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na katika operesheni zilizoandamana nayo watu walikamatwa mijini kwa kuonekana hawana kazi. Miongoni mwao walikuwamo wachuuzi wadogo, watu waliokuwa na kazi kuliko waliowakamata, ila tu kazi yenyewe ilifanyika barabarani na kwa sauti. Mtazamo ule haukufa. Mwishoni mwa 2018 mchuuzi huyo huyo akatambuliwa kwa kitambulisho cha shilingi 20,000, na 2021 akaambiwa ahamie kwenye maeneo aliyopangiwa. Dar es Salaam lilishajengwa jengo zima la ghorofa pale Ilala kwa ajili yake, Machinga Complex, na kwa miaka mingi vizimba vingi vikabaki vitupu, kwa kuwa aliyelijenga alidhani mchuuzi anataka paa, kumbe mchuuzi anataka wapita njia. Wapita njia hao ni mimi na wewe tunaotoka ofisini saa saba. Tunahitajiana. Kumhamisha mmoja ni kumdhoofisha mwenzake, na anayetaka kutuhamisha sisi kesho atashangaa kwamba ushuru wa soko umeshuka.

Na uvivu? Nimefanya kazi na watu kwenye majengo ya kimya. Kimya kile kinajazwa na simu janja. Mtu ambaye hana pa kwenda saa nne asubuhi hafanyi kazi zaidi kwa sababu hiyo; anakaa kwenye kiti akiangalia video, akisubiri gari la ofisi la saa tisa na nusu. Wa mjini kati anashuka dakika kumi, anakunywa kahawa, anapeleka kiatu kwa fundi, anarudi kichwa kikiwa chepesi. Siku ya mechi kubwa pale Uwanja wa Liti kazi inapungua kweli, nakiri, jezi zinauzwa hadi kwenye ngazi za ofisi na hakuna barua inayojibiwa baada ya saa nane. Lakini siku hiyo hata walioko porini hawafanyi kazi. Wao wanatafuta usafiri wa kuja mjini.

Najua kero zilizopo, na zinanikera kuliko zinavyomkera anayezipita kwenye kioo cha gari. Mitaro imejaa mifuko na maganda. Vipaza sauti havina mpaka. Wanawake wanaouza kutwa nzima hawana choo cha karibu, wanaomba kwa hisani kwenye nyumba za watu. Mvua ikinyesha, baraza linageuka bwawa. Lakini zitazame kero hizo moja moja: hakuna hata moja inayotibiwa kwa ofisi kuondoka. Mtaro utaendelea kuziba. Tofauti itakuwa kwamba mwenye mamlaka hatauona tena kila asubuhi, na hiyo nashuku kwamba kwa baadhi ya watu ndiyo tiba yenyewe. Mkurugenzi anayelazimika kuruka dimbwi kuingia ofisini kwake ana sababu ya kuliondoa, na namtakia aendelee kuliruka mpaka aliondoe.

Kwa hiyo kama kweli kuna fedha ya jengo jipya, tusibishane, pa kulijenga papo. Tazama zile nyumba za zamani za wafanyabiashara wa katikati ya mji: duka mbele, baraza lenye kivuli, mwenyewe anaishi nyuma. Chukua muundo huo, uupandishe ghorofa mbili au tatu. Chini yawe maduka, stesheneri na wakala, juu ofisi, barazani nafasi zilizochorwa kwa rangi za fundi viatu, mpigapicha na muuza kahawa, wanaolipa ushuru wao na kupewa risiti. Magari machache yalipie maegesho mtaa wa nyuma. Na kabla ya marumaru za mapokezi kununuliwa, kijengwe choo cha umma chenye maji, upande wa soko, kifunguliwe saa kumi na moja na nusu asubuhi, mama lishe anapowasha jiko.